Kopo Limejaa, Breki Hakuna

Katika gereji nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ukimwomba fundi akuangalizie mafuta ya breki atafungua boneti, atatupia jicho kikopo cheupe kilichokaa juu ya masta silinda, na akiona mafuta yamefika alama ya juu atakwambia yako sawa. Hapo fundi amepima kiasi tu. Hajui mafuta yale yana umri gani, yamenywa maji kiasi gani, wala yatachemka kwenye joto la nyuzi ngapi. Msimamo wangu ni kwamba mafuta ya breki huchakaa kama zinavyochakaa pedi na matairi, tena huchakaa hata gari likiwa limeegeshwa uani. Kwa mtu anayeishi kwenye unyevu wa pwani yetu, kisha mara moja kwa mwaka akapakia familia na mizigo kwenda milimani, miaka 2 ndiyo mwisho wake. Yawe meusi au meupe, kikopo kiwe kimejaa au kimepungua, miaka 2 ikifika yamwagwe, yaingie mapya.

Tuanze na kazi yenyewe. Mguu ukikanyaga pedeli, pistoni iliyo ndani ya masta silinda husukuma mafuta, mafuta husukuma pistoni za kalipa kwenye magurudumu, nazo hubana pedi kwenye diski. Hakuna kamba wala chuma kinachounganisha mguu wako na gurudumu. Kinachobeba nguvu yote ni kimiminika kilichofungiwa ndani ya paipu nyembamba na mipira mifupi, na kinaweza kazi hiyo kwa sababu moja tu: kimiminika hakibonyei. Gesi hubonyea. Likiingia povu la hewa au la mvuke kwenye paipu, safari ya pedeli itaishia kulibonyeza povu hilo, na pistoni za kalipa zitabaki zilipo. Utakuwa na pedi mpya, diski mpya, masta silinda isiyovuja hata tone, na gari halisimami.

Mafuta haya si mafuta kwa maana tunayoizoea. Hayana undugu na oili ya injini wala ya gia. Yanayotumika kwenye magari karibu yote madogo hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, nazo zina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani. Chumvi iliyoachwa wazi jikoni Zanzibar hulowana bila mtu kuimwagia maji, na mafuta ya breki hufanya hivyohivyo, isipokuwa yenyewe hayaonyeshi. Maji hupenya taratibu kwenye kuta za mipira inayoelekea magurudumuni, hupita pembezoni mwa raba za pistoni, na huingia na hewa inayovutwa kwenye kikopo kadiri pedi zinavyoisha na kina cha mafuta kinavyoshuka. Hakuna njia ya kuyazuia kabisa.

Msomaji atauliza kwa nini wahandisi wachague kitu kinachokunywa maji. Walichagua kwa makusudi, na mimi naona walichagua vizuri. Maji yataingia tu, mtu apende asipende. Yakiyeyuka ndani ya mafuta husambaa, na madhara yake huja polepole, kwa kipimo unachoweza kukikadiria. Yasipoyeyuka hujikusanya matone matone mahali pa chini kabisa, yaani ndani ya kalipa, palepale penye joto kali kuliko kote. Tone la maji huchemka kwenye nyuzi 100 na hula chuma cha pistoni. Kwa hiyo kunywa maji ni sehemu ya kazi ya mafuta ya breki, na kwa sababu ni sehemu ya kazi yake, lazima yachoke.

Uchovu huo una vipimo. Alama ya DOT unayoiona kwenye kopo ni viwango vya Marekani ambavyo sehemu kubwa ya dunia imevifuata. DOT 3 ikiwa mpya kabisa haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Viwango hivyohivyo vina kipimo cha pili ambacho wauzaji hawakitaji, nacho ni cha mafuta yaliyokwisha kunywa maji asilimia 3.7. Hapo DOT 3 inaruhusiwa kuchemka kwenye nyuzi 140, na DOT 4 kwenye nyuzi 155. Gari dogo hubeba lita moja hivi ya mafuta ya breki, pengine pungufu. Asilimia 3.7 ya lita moja ni kama vijiko viwili na nusu vya chakula. Vijiko viwili na nusu vya maji vimekuondolea nyuzi 65 kwenye DOT 3. Na hasara hii haigawanyiki sawasawa: asilimia moja ya kwanza ndiyo hushusha zaidi, kisha mteremko unapungua makali. Ndiyo maana hoja ya “yameingia maji kidogo tu” haina uzito, kwa kuwa kidogo hicho ndicho chenye madhara makubwa.

Sasa twende Lushoto. Mombo, chini kwenye barabara kuu, iko mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400. Kati ya miji hiyo kuna kilomita 33 za kona zinazopitia Soni, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Gari lililopakia hadi kufikia kilo 1,500, likishuka mita 1,000, linaachia nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji ya baridi. Nishati hiyo haipotei hewani kwa dua. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, sehemu na matairi, sehemu na injini kama dereva ameipa nafasi, na kilichobaki hugeuka joto kwenye diski nne au kwenye diski mbili na dramu mbili. Diski inayobanwa mfululizo mteremkoni inaweza kupita nyuzi 400. Pedi huiegemea diski, pistoni huiegemea pedi, na mgongoni mwa pistoni ndipo yalipo mafuta.

Gari lililokaa Kariakoo na Mbagala miezi kumi na moja halijawahi kukutana na joto hilo. Foleni ya mjini ni kukanyaga na kuachia kwa mwendo mdogo, diski hupata joto la wastani, na mafuta yenye maji tele yanahimili bila kulalamika. Dereva anasema breki zake nzuri, na kwa barabara anazopita anasema kweli. Desemba ikifika, watu wanapopanda Lushoto, Marangu na Machame kula sikukuu, gari lilelile, na mafuta yaleyale ya miaka sita, linapewa kwa mara ya kwanza mtihani ambao tayari lilikwisha kuufeli. Hali ni hiyohiyo kwa anayetoka Iringa akiuteremka Kitonga, anayeshuka Sekenke akielekea Nzega, au anayetoka Limuru kuingia Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu.

Kuna jambo ambalo hata madereva wazoefu hawalijui, nami naliona ni muhimu kuliko mengine yote hapa. Mafuta hayachemki ukiwa umekanyaga. Ukikanyaga, mgandamizo ndani ya paipu hupanda sana, na kimiminika kilicho chini ya mgandamizo mkubwa huchelewa kuchemka. Yanachemka ukiachia. Mguu ukitoka, mgandamizo huanguka ghafla, joto liko palepale, na mafuta yaliyokuwa yamezuiliwa hufoka mvuke. Kwa hiyo kona ya kumi ulipunguza mwendo vizuri kabisa, ukaachia, ukanyoosha gari, na kwenye kona ya kumi na moja pedeli ikazama mpaka kwenye zulia. Dereva aliyenusurika atakuapia kwamba breki zilikuwa nzima sekunde chache kabla, na asipoaminiwa ataonewa. Namna ya pili humpata aliyekwisha kufika chini. Anasimama Mombo kunywa chai. Diski haipati tena upepo wa kuipooza, joto lake linahamia kwenye kalipa na kuyafikia mafuta. Baada ya dakika kadhaa anaingia barabara kuu ya Segera kwenda Moshi, lori liko mbele, anakanyaga, hakuna kitu. Mteremko alioumaliza salama unamdai akiwa tambarare.

Mvuke huo ukipoa hurudi kuwa kimiminika. Gari likivutwa hadi kituo cha polisi na kukaguliwa kesho yake, pedeli ni ngumu, kikopo kimejaa, hakuna uvujaji. Mkaguzi ataandika kwamba breki zinafanya kazi, na kosa litaangukia mwendo kasi au uzembe. Mara nyingine mwendo kasi ulikuwepo kweli, sitetei mtu. Ninachosema ni kwamba bila kuchukua sampuli ya mafuta kwenye kalipa na kuipima inachemkia nyuzi ngapi, mkaguzi hana namna ya kujua. Kipimo hicho ni cha bei ndogo na huchukua dakika chache, na katika ajali yoyote ya mteremkoni ambayo dereva anadai breki zilimkatika, kingepaswa kuwa cha lazima.

Ukaguzi wa kawaida nao una upofu huohuo. Mashine ya roli inayopima breki hupima nguvu ya kubana ya kila gurudumu, na hupima gari likiwa na breki baridi. Ni kipimo kizuri cha pedi, dramu, kalipa iliyokwama, na tofauti ya kushoto na kulia. Mafuta yenye maji hupita kwenye roli hizo bila hata alama moja ya onyo. Gari linaweza kubandikwa stika asubuhi na jioni likakosa breki Soni, na hakuna aliyesema uongo.

Niseme sasa juu ya yale ninayoyasikia kila mara kutoka kwa wenye magari, na kwa huzuni, kutoka kwa mafundi.

La kwanza ni kuongeza. Kikopo kikipungua, wengi humwagia mengine hadi alama ya juu na kufunga. Kwenye gari zima, mafuta hupungua kwa sababu pedi zimekwisha: pistoni zimetoka nje zaidi, na mafuta yameingia kujaza nafasi iliyoachwa nyuma yake. Kupungua kwa namna hiyo ni taarifa. Ukiongeza umeifuta taarifa, taa ya onyo kwenye dashibodi haitawaka, na siku fundi akiweka pedi mpya na kurudisha pistoni ndani, mafuta ya ziada yatafurika na kubabua rangi ya gari. Na kama pedi bado nene na mafuta yanapungua, basi yanavuja, na hapo kinachotakiwa ni kuutafuta uvujaji leo. Inua zulia chini ya pedeli, angalia ndani ya matairi ya nyuma, fungua dramu. Hakuna hali hata moja ambayo kuongeza peke yake ndiyo jibu.

La pili ni rangi. Mafuta yakiwa meusi watu wanasema yameharibika, yakiwa ya manjano angavu wanasema yangali mazuri. Weusi hutokana na raba, kutu na joto, na ni kweli mafuta meusi yamekaa mno. Lakini maji hayana rangi. Mafuta yanayong’aa yanaweza kuwa na asilimia 4 ya maji, na jicho la mtu haliwezi kuliona hilo. Aidha, unayoyaona kwenye kikopo ndiyo yaliyo mbali kabisa na joto. Yaliyo kwenye kalipa karibu hayahami. Fundi anayefyonza ya kwenye kikopo, akaweka mapya, akakuonyesha usafi wake, amekubadilishia sehemu isiyo na tatizo kubwa na kukuachia yenye tatizo.

La tatu, na hili hunitia hofu, ni kumwaga chochote kinachoteleza. Wapo wanaotia oili ya injini, wapo wanaotia ya gia za otomatiki au ya stelingi kwa kuwa “ni hydroliki zote”. Raba za breki hazikutengenezwa kukutana na oili zitokanazo na mafuta ghafi. Hilo limekuwa hivyo tangu miongo ya mwanzo ya breki za aina hii, ambazo Mmarekani Malcolm Loughead alizitafutia hataza mwaka 1917: raba zilizotumika zilikuwa za mpira wa asili, na kwa miongo kadhaa kilichotiwa ndani kilikuwa mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na spiriti, kwa kuwa hayo hayakuila raba. Glaikoli ilirithi sharti lilelile. Oili ya injini ikiingia, raba huvimba. Raba iliyovimba ndani ya masta silinda huziba kitundu ambacho mafuta hupitia kurudi kwenye kikopo, hivyo unaachia pedeli lakini breki haziachii. Gari linazidi kuwa zito, magurudumu yanatoa moshi, mwishowe linajifunga lenyewe barabarani. Hakuna kusafisha hapo. Raba zote, masta silinda, kalipa, mipira na kitengo cha ABS huwa zimeathirika, na gharama yake humfanya mtu atamani angelivuta gari hadi dukani. Maji ya bomba nayo, na maji ya sabuni, yasiingie hata kwa dharura ya kilomita tano.

La nne ni kudhani namba kubwa ya DOT ni bora siku zote. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni jamii moja ya glaikoli, na huchanganyika. DOT 5 bila nukta moja ni silikoni, haichanganyiki nazo, hainywi maji bali huyaacha yakae matone ndani ya kalipa, na haifai kwenye magari yenye ABS. Mtu anaweza kununua DOT 5 akiamini amepanda daraja, kumbe ametoka njia kabisa. Soma mfuniko wa kikopo cha gari lako. Kwenye Toyota nyingi utakuta DOT 3, na kwa vipimo vya Japani hiyo ndiyo inayoandikwa BF-3. Gari la DOT 3 linaweza kuwekewa DOT 4 yote kwa pamoja, na kwa mtu wa milimani mimi humshauri afanye hivyo. Gari la DOT 4 lisirudishwe DOT 3.

Kwetu suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya magari tunayonunua. Mengi ya magari yetu madogo ni ya mkono wa pili kutoka Japani. Huko gari hupita ukaguzi wa kisheria unaoitwa shaken, mara ya kwanza baada ya miaka 3 na baadaye kila baada ya miaka 2, na ni desturi ya gereji za huko kubadilisha mafuta ya breki katika ukaguzi huo. Wajapani wengi huuza gari pale shaken inapokaribia kuisha, ili kukwepa gharama zake. Ukihesabu vizuri, gari hilo linakuja kwako likiwa na mafuta ambayo zamu yake ya kubadilishwa ilikuwa imefika. Kisha yanavuka bahari, yanakaa bandarini, yanakaa yadi, na tajiri mpya anabadilisha oili ya injini, plagi, vichujio, anaweka viti vya ngozi. Mafuta ya breki hakuna anayeyakumbuka mpaka siku ya pedi. Nashauri bila kusita: gari likitoka bandarini, mafuta ya breki yabadilishwe wiki ileile, bila kuuliza historia yake.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya saa moja hivi. Nunua lita moja ambayo sili yake haijafunguliwa. Mafuta yaliyobaki kwenye kopo la fundi tangu mwezi uliopita yamekwisha kuanza kunywa hewa ya gereji, na hata mfuniko wa kikopo kwenye magari mengi umeandikwa kwamba yatumike yaliyotoka kwenye chombo kilichofungwa. Fundi asafishe mfuniko kwanza ili mchanga usidondokee ndani, afyonze ya zamani kwenye kikopo, ajaze mapya, kisha aanze kutoa gurudumu baada ya gurudumu. Kwa magari mengi yenye usukani wa kulia utaratibu wa zamani ni kuanza nyuma kushoto, lililo mbali zaidi, ingawa kitabu cha gari kikisema vingine kifuatwe kitabu. Msaidizi huketi kwenye usukani. “Pampu, dogo… pampu… shika!” “Nimeshika, fundi!” Fundi analegeza nipo, yaani skrubu ya kutolea mafuta, mafuta machafu yanatoka kwa mpira mwembamba hadi kwenye chupa, anafunga, ndipo anamwambia aachie. Hurudiwa mpaka yanayotoka yawe sawa na yanayoingizwa. Kikopo kisiachwe kikauke hata mara moja, maana hewa itaingia na kazi itaanza upya.

Hapo pana kosa moja la kitaalamu. Msaidizi asikanyage mpaka chini kabisa. Kwenye gari la miaka kumi au kumi na tano, sehemu ya ndani ya masta silinda ambayo raba haijawahi kuifikia huwa na kutu na uchafu, na raba ikisukumwa huko hukwaruzwa. Ndiyo maana mtu huja na gari lenye breki nzuri na kuondoka na masta silinda inayopitisha, kisha analaumu mafuta mapya. Kipande cha mbao chini ya pedeli kinatosha kuzuia hilo. Magari ya haibridi kama Prius na Aqua, ambayo Nairobi na Dar yamejaa, yana pampu ya umeme na valvu ndani ya mfumo wa breki, na kutoa mafuta yake kwa ukamilifu kunahitaji mashine ya kuwasiliana na kompyuta ya gari. Fundi asiyekuwa nayo aseme mapema, wala si aibu. Na kwenye magari ya gia za mkono, klachi nyingi hutumia mafuta hayahaya. Yabadilishwe pamoja.

Ya zamani yasimwagwe chini wala kutiwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa kwenye rafu. Ni sumu, na mtoto hawezi kuyatofautisha na kinywaji.

Kwa asiyetaka kubadilisha kabla ya kupima, kuna kalamu ya kielektroniki inayochovywa kwenye kikopo na kuwasha taa kulingana na maji iliyoyaona. Ni bora kuliko jicho, lakini hukisia kwa kupima jinsi umeme unavyopita kwenye mafuta, tena hupima ya kwenye kikopo. Ikisema mabaya, iamini. Ikisema mazuri na mafuta yana miaka minne, usiiamini. Kifaa kinachochemsha sampuli halisi ndicho cha kutegemewa, na gereji kubwa hazina sababu ya kutokuwa nacho. Makampuni mengi ya magari huandika miaka 2 kwenye vitabu vyao. Honda huandika 3. Kwa ukavu wa Dodoma naweza kumvumilia mtu anayefika miaka 3. Kwa Tanga, Pemba na Mombasa siwezi.

Mafuta mapya hayampi dereva ruhusa ya kuukalia mteremko kwa breki. Kwenye Toyota za otomatiki zenye kitufe cha O/D, kizime kabla ya kuanza kushuka, na penye kona kali weka 2 au L. Zenye S au B zitumie. Injini ikivuma usiogope, inafanya kazi yake. Kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, punguza mwendo, achia breki zipumue, badala ya kuziegemea kilomita nzima. Pedeli ikianza kuwa laini, hiyo ndiyo taarifa ya mwisho utakayopewa: shusha gia, tafuta pa kutoka barabarani. Ikizama, pampu kwa haraka, maana kila mkanyago huweza kuongeza mafuta na kuubana mvuke kidogo, na vuta breki ya mkono taratibu huku umeshika kitufe chake. Kwenye magari mengi hiyo huvutwa na waya na haitegemei mafuta. Ukisimama, subiri nusu saa au zaidi. Pedeli itarudi kuwa ngumu, na abiria watasema twende. Mtafute fundi hapohapo Mombo au Mai Mahiu, uyabadilishe kabla ya kilomita nyingine.

VETA na vyuo vingine vinavyofundisha ufundi wa magari viweke kipimo cha mchemko kwenye mtihani wa vitendo wa breki, na wanaosimamia ukaguzi wa magari Tanzania na Kenya wakiongeze kwenye fomu, wakianza na magari ya abiria. Mwenye gari naye asingoje fomu. Baada ya kubadilisha, abandike kipande cha utepe kando ya kikopo na kuandika mwezi, mwaka na aina ya DOT kwa kalamu isiyofutika. Fundi ajaye, au mnunuzi ajaye, atafungua boneti na kujua mara moja. Gharama ya lita moja pamoja na kazi ni ndogo kuliko ya tairi moja.